Anayechukua paa la jengo la zamani achukue na deni lake

Madalali wa katikati ya Mwanza wana namna yao ya kupima nyumba ya zamani. Hawaulizi ilijengwa lini wala nani aliishi humo. Wanauliza kiwanja kina mita ngapi, kinabeba ghorofa ngapi, na chini zitatoka fremu ngapi za maduka. Kwa kipimo hicho, nyumba ya ghorofa moja ya Mtaa wa Rufiji au Lumumba, yenye duka chini na familia juu, imeshashindwa kabla mtu hajapanda ngazi zake.

Ndiyo maana mjadala wetu kuhusu majengo haya umebaki na pande mbili tu. Wapo wanaotaka yabaki kama yalivyo, hata kama yanavuja. Wapo wanaotaka yapishe maghorofa ya vioo. Lipo jambo la tatu ambalo halijapewa nafasi ya kutosha: kuondoa paa la bati, kujenga fleti chache nyepesi mahali pake, na kuiacha nyumba ya chini iendelee kukaliwa. Miji mikubwa ya Ulaya imefanya jambo linalofanana na hilo kwa miongo kadhaa. Naliunga mkono kwa Mwanza, ila kwa sharti ambalo sitaki lipunguzwe: anayepewa paa abebe kwanza deni la jengo zima, kuanzia gata lililooza, yaani mfereji wa maji ya paa, hadi ngazi inayoyumba, kabla hajapangisha chumba hata kimoja cha juu.

Nyumba ninazozizungumzia hazikuota zenyewe. Wajerumani waliweka kituo chao cha utawala hapa mwaka 1892. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mzigo wa Mwanza ulivuka ziwa kwa meli hadi Kisumu, ndipo ukapanda treni kwenda Mombasa. Reli ya kutoka Tabora ilipofika mwaka 1928, mji ukapata njia yake ya kwenda Dar es Salaam, na pamba ya Usukuma ikaanza kuacha fedha nyingi zaidi hapahapa. Wafanyabiashara wa Kihindi walionunua pamba, walioendesha vinu vya kuchambulia na waliouza nguo na vyombo vya nyumbani ndio waliojenga mitaa tunayoiita mjini. Walijenga kwa mpango mmoja uliorudiwarudiwa: duka mbele lenye milango ya mbao ya kukunja, vyumba juu vinavyofungukia roshani, ua nyuma wenye jiko, choo na mahali pa kufulia. Ukuta wa mbele ulipandishwa juu ya usawa wa bati ili paa lisionekane barabarani, na katikati ya ukuta huo fundi aliandika kwa saruji mwaka wa ujenzi, mara nyingine pamoja na jina la mwenye nyumba.

Halafu ukaja mwaka 1971. Sheria ya kutaifisha majengo iliyopitishwa Aprili mwaka ule iligusa majengo yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakuyakalia yote. Jengo lililozidi miaka kumi halikulipiwa fidia. Sina nia ya kurudia hapa mabishano kuhusu haki ya sheria ile. Palikuwa na hoja nzito ya usawa nyuma yake, na palikuwa na familia zilizofunga mizigo na kuondoka. Kinachonihusu leo ni jambo dogo zaidi ambalo halizungumzwi: sheria ile ilimtenganisha anayeishi chini ya paa na anayewajibika kulitengeneza. Majengo yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Mpangaji akawa analipa kodi ndogo, mwenye jengo akawa mbali na mwenye majengo mengi mno, na bati lililowekwa enzi za mkoloni likaendelea kupigwa na mvua ya ziwani.

Wengi hudhani kwamba majengo haya yanalindwa kwa sababu tu ni ya zamani. Hayalindwi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalihesabu jengo kuwa la kale lenyewe bila kutangazwa iwapo lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Hakuna jengo la mjini Mwanza linalofikia umri huo, kwa kuwa mji wenyewe umeanza karibu miaka thelathini baadaye. Jengo letu la enzi za pamba hulindwa pale tu waziri anapolitangaza rasmi. Lisipotangazwa, mwenye nalo akija na kibali halali cha kubomoa, hakuna wa kumzuia. Tofauti yetu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ndiyo hiyo: kule kuna mamlaka maalumu ya hifadhi, na mji wote umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Na hata huko, kasri la Beit al-Ajaib lililojengwa mwaka 1883 liliporomoka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye matengenezo, likaua watu wawili. Miaka minane kabla yake sehemu ya jengo hilohilo ilikuwa imeshaanguka. Kuwa kwenye orodha hakuzuii maji kuingia ukutani. Fedha ya matengenezo ndiyo inayozuia, na fedha hiyo sharti itoke mahali.

Hapo ndipo paa linapoingia kwenye hesabu. Katika nyumba ya zamani yenye wapangaji wa miaka mingi chini na kati, juu ndiko mahali pekee ambapo kipato kipya kinaweza kupatikana bila kumtoa mtu.

Lakini tuseme kweli kuhusu kilichopo juu. Nimepanda darini kwenye nyumba mbili tatu za aina hii nikiongozana na mafundi wa paa, na kilichonishangaza si kenchi, yaani mbao zinazobeba bati. Mbao zake nyingi ni nene kuliko tunazotumia siku hizi, zimeunganishwa kwa bolti, na ukizipiga kwa nyundo zinalia vizuri, isipokuwa pale mchwa alipopanda kupitia ukuta. Popo wamejaa, joto la saa saba mchana linakaba, na mtu mzima anaweza kusimama wima katikati tu. Ugonjwa wenyewe uko pembeni, nyuma ya ule ukuta wa mbele uliopandishwa. Mteremko wa bati unaishia kwenye gata lililolazwa kati ya bati na ukuta, na gata hilo lina mdomo mmoja wa kutolea maji, nao umezibwa na majani, mavi ya ndege na mifuko. Mvua kubwa ikinyesha, maji hayana pa kwenda ila ndani ya ukuta. Fundi mmoja alichomeka bisibisi kwenye tofali la kuchoma chini ya gata, ikaingia hadi kwenye mpini bila kusukumwa. Ukiwa barabarani unaona tu doa jeusi na plasta iliyovimba, na unadhani ni suala la rangi.

Ukarabati wowote usioanzia kwenye gata hilo ni kupaka jengo poda. Nimeona majengo yaliyopakwa rangi mpya ya kampuni ya simu kuanzia chini hadi juu, na baada ya masika moja doa lilelile likarudi palepale.

Sasa tuangalie Ulaya, kwa sababu wazo lenyewe limetoka huko na ni vizuri tujue linachukua nini na linaacha nini. Berlin ina maelfu ya nyumba za kupanga zilizojengwa kati ya mwaka 1871 na Vita Kuu ya Kwanza, zenye mapaa marefu yaliyoinama ambayo chini yake palikuwa pa kuanikia nguo na kuhifadhi vitu vikuukuu. Paris watumishi wa ndani walilazwa kwenye vijichumba chini ya mapaa ya zinki, wakipanda ngazi za nyuma. Wakati huo kuishi juu kulikuwa dalili ya ufukara, kwa sababu anayeishi juu ndiye anayebeba maji na kuni ngazi sita. Lifti ilipoingia, bei ikageuka kichwa chini miguu juu. Chumba cha mtumishi kikaunganishwa na chumba cha jirani yake, dirisha likatobolewa kwenye paa, na leo sehemu hiyo ni ya watu wenye uwezo.

Mambo mawili hapo hayahamishiki kuja kwetu. La kwanza ni umbo. Mapaa yao yalikuwa marefu tangu mwanzo, kwa hiyo walikuwa na chumba cha kugeuza. Mapaa yetu ya bati yana mteremko mdogo. Darini hakuna makazi yaliyojificha yanayosubiri ngazi na dirisha. Anayesema anageuza paa la nyumba ya Mwanza kuwa fleti anamaanisha kuling'oa na kujenga ghorofa mpya, na kibali chake kiandikwe hivyo. Ukimruhusu mtu kwa jina la ukarabati wa paa, utakuta amemwaga zege.

La pili ni jua. Mwanza iko kusini kidogo mwa ikweta, karibu nyuzi mbili na nusu, na jua la saa sita linasimama karibu na utosini mwaka mzima. Dirisha la kwenye mteremko wa paa, ambalo Berlin huingiza mwanga wanaoutamani wakati wa baridi, hapa litageuza chumba kuwa tanuri. Kuna jambo jingine ambalo wachoraji wa kompyuta hulisahau: ziwa liko magharibi mwa mji. Upande wenye mandhari nzuri ndio huohuo unaopigwa na jua kali la jioni. Fleti ya juu inayoangalia ziwa kwa ukuta mzima wa kioo itaishi kwa kiyoyozi, na bili ya umeme itaonekana. Waliojenga zamani walilijua hili. Walirudisha chumba ndani, wakatanguliza roshani yenye kivuli, wakaacha matundu ya hewa juu ya milango ili upepo wa ziwani wa mchana upite hadi uani. Ghorofa mpya ya juu ikijengwa kwa akili ileile, na paa lake likatoka nje ya kuta kwa mita moja na zaidi, haitahitaji mashine kuwa mahali pa kuishi.

Jambo moja la Ulaya nataka tulichukue zima bila kupunguza, nalo ni la Vienna. Mji ule umejaa nyumba za matofali za karne ya 19, na kabla ya kuruhusu fleti mpya juu yake huwadai wahandisi wathibitishe jinsi jengo zima, kuanzia msingi, litakavyobeba mzigo mpya, hata ardhi ikitetemeka. Ujenzi mwepesi hupimwa kwa namna moja, ujenzi mzito kwa namna nyingine iliyo ngumu zaidi.

Tetemeko si jambo la mbali kwetu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliikumba Kagera, ng'ambo ya ziwa hilihili, likaua watu zaidi ya kumi na kuangusha nyumba za Bukoba na vijiji vyake. Kuta za tofali zisizo na nguzo za nondo ndani ndizo huathirika vibaya katika mitikisiko ya namna hiyo, na nyumba zetu za pamba ni kuta za namna hiyo. Kitu kizito kikiwekwa juu ya kuta hizo, kinaongeza nguvu ya mtikisiko mahali ambapo ukuta una uwezo mdogo wa kuihimili.

Tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo mazungumzo mengi ya paa yanapokosa uzito. Bati la geji 28 lina kilo tatu hadi nne kwa mita ya mraba. Ukijumlisha mbao za kenchi na papi, paa zima halifiki kilo 50 kwa mita. Zege la sakafu lenye unene wa sentimita 15 lina kilo 360 kwa mita hiyohiyo. Juu ya nyumba yenye eneo la mita za mraba 200, zege hilo peke yake ni tani 72, kabla ya ukuta, kabla ya watu, kabla ya makabati. Ukuta wa tofali za saruji za inchi sita uliopigwa plasta pande zote, wenye kimo cha chumba cha kawaida, unakaribia tani moja kwa kila mita ya urefu. Na simtanki la lita 5,000 likijaa ni tani tano zimesimama mahali pamoja, mara nyingi kwenye kona iliyochaguliwa kwa sababu tu bomba liko karibu.

Sakafu ya mbao au ya fremu za chuma chepesi, kuta za ubao na sufi ya kuzuia joto, na paa la bati juu yake, vyote kwa pamoja hubaki sehemu ndogo ya mzigo huo. Kwa hiyo ninaposema fleti nyepesi simaanishi mtindo. Namaanisha kwamba zege lipigwe marufuku juu ya kuta hizi, isipokuwa lenta ya kufunga kuta zote kwa juu, ambayo kwa kweli inaisaidia nyumba isifunguke pembe. Anayetaka zege ashushe nguzo mpya hadi kwenye msingi mpya, na hapo tayari anajenga jengo jingine ndani ya hili. Msingi nao usichukuliwe kirahisi kwa kuwa tunaishi kwenye jiji la miamba. Katikati ya mji si kote kuna mwamba. Sehemu za bondeni karibu na Mto Mirongo zina udongo laini, na nyumba mbili zinazogusana zinaweza kuwa zimekaa juu ya ardhi tofauti.

Tumeshaona gharama ya kuchezea jengo ambalo limeshakaliwa. Ghorofa lililoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 liliua watu zaidi ya 20, na katika maelezo yaliyotolewa baada ya ajali kulitajwa kazi ya kupanua sehemu ya chini wakati maduka ya juu yakiendelea na biashara. Kule walichimba chini, hapa tunazungumzia kuongeza juu. Kuta hazijui tofauti hiyo.

Swali gumu kuliko zege ni la umiliki: paa ni la nani? Kwenye nyumba iliyo mkononi mwa mtu mmoja jibu ni rahisi. Lakini nyingi za nyumba hizi ni za shirika la umma, au za warithi walio wengi na walio mbali, na ndani yake wamo wapangaji ambao baadhi yao walilipa kilemba, yaani fedha ya kuachiwa nafasi, kwa mpangaji aliyewatangulia na wanajiona, kwa haki fulani, kuwa nusu ya wenye mali. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 ilitupa njia ya kumpa mtu hati ya fleti moja ndani ya jengo, huku kuta za nje, ngazi na paa vikibaki mali ya pamoja ya wote wenye sehemu. Ni sheria nzuri kwa jengo jipya. Kwa nyumba ya mwaka 1938 yenye wapangaji tu, mali ya pamoja haina wa kuisemea, na asiye na msemaji ndiye anayeuziwa paa lake akiwa amelala.

Hebu fikiria jinsi mambo yatakavyokwenda bila sharti lolote. Mwekezaji anaingia ubia na mwenye jengo. Anapata haki ya juu, anajenga fleti nne, anaweka ngazi ya chuma inayotokea moja kwa moja barabarani ili wapangaji wake wasipite kwenye ngazi ya mbao ya zamani. Maji machafu ya vyoo vinne vipya yanaunganishwa kwenye bomba lilelile la uani, na bomba hilo likijaa, anayefurikiwa ni mama wa chini, wala si mpangaji wa juu. Kodi ya juu inakwenda kwa wabia wawili. Gata la zamani limefunikwa, ukuta unaendelea kunywa maji. Baada ya miaka kumi mhandisi anaitwa, anasema jengo ni hatari, na jengo zima linavunjwa kwa hoja ya usalama. Fleti za juu zitakuwa zimefanya kazi ya kuliua jengo ambalo zilikuja kuliokoa.

Ndiyo maana nasisitiza deni litangulie. Halmashauri ya Jiji inapopokea ombi la kibali cha kujenga juu ya nyumba ya namna hii, idai kwanza ripoti ya mhandisi aliyesajiliwa juu ya jengo lote, kisha kazi ya chini ifanyike na kukaguliwa kabla ya kibali cha juu kutoka: gata na mifereji, kuta zilizolowa, ngazi, nyaya za umeme, bomba la maji machafu hadi linapoungana na la mjini. Na sehemu ya kodi ya fleti za juu, kwa asilimia itakayoandikwa kwenye hati yenyewe, iingie kwenye mfuko wa matengenezo wa jengo hilo kwa muda wote ambao fleti hizo zitakuwepo. Mfuko huo uwe na akaunti ambayo wapangaji wa chini nao wanaona salio lake.

Watakaopinga watasema mwekezaji atakimbia. Wengine watakimbia, nami sioni ubaya. Anayekimbia sharti la kutengeneza gata hakuwa amekuja kwa ajili ya nyumba. Hoja yenye uzito zaidi ni ya wingi: kwamba jiji linalokua kwa kasi hii linahitaji ghorofa kumi, si fleti nne juu ya bati. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, reli ya kisasa inajengwa kuja Mwanza, na watu watazidi kuja. Nakubali kabisa kwamba paa haliwezi kumaliza uhaba wa makazi. Lakini tazama kinachojengwa pale nyumba za zamani zinapovunjwa mjini: fremu chini, ofisi katikati, hoteli juu. Familia zilizokuwa zikiishi pale zinahamia Buswelu au Kisesa na kurudi kila asubuhi kwa daladala. Ifikapo saa mbili usiku, mitaa ambayo zamani ilikuwa na watu kwenye roshani imebaki na walinzi. Sera ya ubia ya Shirika la Nyumba, iliyozinduliwa upya mwaka 2022, inakaribisha mitaji binafsi kwenye viwanja vya katikati ya miji; hakuna kinachozuia baadhi ya mikataba hiyo kuwa ya kuongeza juu badala ya kuvunja, na kuwa ya makazi.

Tena kwa Mwanza kuishi juu kuna maana ambayo Paris haina. Hapa walio juu tangu zamani ni watu wa kipato cha chini, waliopanda miamba ya Igogo, Mabatini na Bugando kwa sababu bondeni hapakuwa na nafasi yao. Wana mandhari ya ziwa ambayo mtalii anailipia, na hawana barabara ya kupitisha gari la zimamoto. Muuguzi wa Bugando au mwalimu wa shule ya mjini angeweza kuishi kwenye fleti ya paa karibu na kazini kwake, kama fleti hizo zitapangishwa kwa watu wa namna hiyo na si kugeuzwa zote kuwa vyumba vya wageni wa siku mbili. Hilo nalo liandikwe kwenye kibali.

Zimamoto niliowataja wana lao. Nyumba hizi zina ngazi moja, ya mbao, iliyoko katikati, na chini yake mara nyingi kuna stoo ya duka iliyojaa maboksi. Ukiongeza watu juu bila njia ya pili ya kutokea umewafungia. Ngazi ya pili ya chuma ipande kupitia uani, itumiwe na wapangaji wote, wa juu na wa chini, na maboksi yaondoke chini ya ile ya kwanza. Mitungi ya gesi ikae uani. Maegesho ya magari sitayazungumzia sana. Anayeishi mjini anatembea kwa miguu, na viwanja hivi havikuwahi kuwa na nafasi ya gari.

Kuhusu sura, naomba kitu kimoja. Ghorofa mpya irudi nyuma ya ukuta wa mbele kwa mita mbili au tatu, ili anayepita barabarani aendelee kuuona ule ukuta wenye mwaka na jina, na nyuma yake anga. Nafasi hiyo iliyoachwa itakuwa baraza ya wapangaji wa juu, na muhimu zaidi, itakuwa njia ya fundi kufikia gata na kulisafisha kila kabla ya mvua. Gata lisilofikika halisafishwi. Isijengwe kwa kuigiza uzamani, kwa matao ya saruji na nguzo za kumwaga. Ionekane ni ya leo, iwe nyepesi, na ikitakiwa kuondolewa siku moja iondoke bila kuvunja kilicho chini yake.

Wapangaji wa chini ndio nimewaacha mwisho, na ndio wa kwanza kuumia. Paa likifunguliwa hawawezi kubaki ndani. Mzee aliyeishi kwenye vyumba vile miaka arobaini akiambiwa ahame kwa muda, anajua kwa uzoefu wa wenzake kwamba wa muda huwa hawarudi. Kwa hiyo kabla ya bati la kwanza kung'olewa, kila mmoja awe na karatasi yenye chumba atakachohamia, nani analipia, tarehe ya kurudi na kodi atakayoikuta akirudi. Mwenye fremu naye aandikiwe kilemba chake kinahesabiwaje. Na kwa kuwa nyumba isiyo na paa haipaswi kuikuta mvua ya vuli ya Oktoba, kazi ya juu inatakiwa ianze Juni na bati jipya liwe limefunga kabla ya Septemba kuisha. Mazungumzo na wapangaji, basi, yaanze Desemba ya mwaka unaotangulia, si wiki mbili kabla mafundi hawajafika na majukwaa yao.